GTI inamgonga mama kiti cha nyuma: nishuke rimu 17, nibaki 18, au?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Goba, Dar. Ana Volkswagen (VW) Golf GTI ya 2014, ile Mk7, yaani kizazi cha saba, kaagiza Japani, imekuja na rimu za 18 na tairi 225/40R18. Gari anaipenda sana ila mama yake ana shida ya mgongo, na kila wakienda Morogoro mama akikaa nyuma anashuka analalamika. Anasema kwenye rasta na viraka vya lami inagonga kwa sauti kavu, na kwenye barabara yenye mawimbi nyuma inadunda mara mbili tatu ndo inatulia. Fundi wake kamwambia ashuke mpaka 16, mdogo wake wa kiume anamshawishi apande 19 kwasababu kuna mtu anauza rimu nzuri kwa bei ya kutupa. Anauliza amsikilize nani, na kama kushuka rimu kutaharibu ule utamu wa GTI kwenye kona.

Dada, jibu la haraka ni hili: shuka 17. 16 achana nayo, na hizo 19 mwambie mdogo wako akaweke kwenye gari yake. Ila usinunue rimu wiki hii, kwasababu kwa ulivyoeleza una matatizo mawili tofauti na rimu inatibu moja tu.

Tuanze na namba za kwenye tairi. 225/40R18 maana yake tairi ina upana wa milimita 225, ubavu wake ni asilimia 40 ya huo upana, yaani milimita 90, inakaa kwenye rimu ya inchi 18. Saizi inayolingana nayo kwenye 17 ni 225/45R17, ubavu unakuwa milimita 101. Kwenye 16 ni 205/55R16, ubavu kama 113. Kwenye 19 ni 225/35R19, ubavu 79 tu basi. Sasa tairi zote hizi nne ukizisimamisha pembeni kwa pembeni urefu wake unakaribia kuwa mmoja, ziko kati ya milimita 632 na 640, kwahiyo watu wanaosema ukiweka 17 gari inashuka chini au spidi mita inadanganya wanakutisha bure, gari inabaki palepale ilipokuwa, unachobadilisha ni mgawanyo tu, chuma kiasi gani na mpira kiasi gani ndani ya urefu uleule.

Utasema milimita 11 ni kitu gani. Ni kitu, kwasababu zile 90 sio zote zinafanya kazi. Mdomo wa rimu unameza kama milimita 17 hivi kutoka chini, zinabaki kama 73, na hapo bado hujatoa unene wa mpira wenyewe wa juu unaokanyaga lami. Kwahiyo ubavu unaoweza kukunjika ukipiga shimo unatoka 73 kwenda 84, hiyo ni zaidi ya asilimia 14. Na ukitoka 19 kuja 17 ndo tofauti inakuwa kubwa hasa, ndo maana watu waliowahi kuendesha gari moja na rimu zote mbili wanaapa ni gari mbili tofauti.

Kuna kingine hakisemwi sana. Tairi ya 225/45R17 ya kawaida ina namba 91 baada ya saizi, maana yake inabeba kilo 615. Ile 225/40R18 inakuja na 92 XL, kilo 630, lakini hiyo XL maana yake imeimarishwa, ubavu wake umeshonwa mgumu zaidi, na ili ibebe huo mzigo wote inataka upepo mwingi, kwa viwango vya Ulaya 290 kPa wakati mwenzake anatosheka na 250. Yaani hewa iliyomo ndani ni kidogo kwahiyo inabidi ibanwe zaidi ili ifanye kazi ileile. Kwahiyo ukienda 17 tafuta hiyo 91 ya kawaida isiyo na XL, gari yako uzito wake ni karibu tani 1.4, kila tairi kubeba kilo 615 inatosha na inabaki. Watu wananunua 94 XL wakidhani namba kubwa ndo bora, alafu wanashangaa wametumia hela na gari bado ngumu.

Sasa turudi kwenye matatizo yako mawili.

Lile la kwanza, kugonga kwa sauti kavu kwenye rasta, viraka, kingo za shimo, maungio ya daraja, hilo ndo la rimu na tairi. Ni pigo fupi na la ghafla, shokapu haijapata hata muda wa kujibu, anayetakiwa kulimeza ni mpira. Na uzito unaingia hapohapo, maana rimu na tairi haviko juu ya springi, vinapanda na kushuka na kila shimo, kadiri vinavyokuwa vizito ndo shokapu inahangaika zaidi kuvirudisha chini, na rimu kubwa ya bei rahisi mara nyingi ni nzito. Hapa 17 itakusaidia na mama atasikia tofauti siku ya kwanza.

Lile la pili, nyuma kudunda mara mbili tatu kwenye mawimbi ya barabara, hilo dada hata ukiweka 15 halitaisha. Hiyo ni shokapu. Gari ya 2014 zikiwa bado zile ilizotoka nazo kiwandani, hata kama hazivuji, zimeshachoka. Na usikubali fundi akukandamizie kona ya gari kwa mikono akakwambia "ziko poa hizi", kwenye GTI kile kipimo hakisemi chochote, springi zake ni ngumu, gari yenyewe imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida tangu kiwandani. Mwambie anyanyue nyuma atoe tairi, uchungulie mwenyewe. Utaona fimbo ya shokapu, juu yake kuna kipande cha povu gumu kama soseji nene na chini yake kuna kava ya vumbi. Kile kipande kazi yake ni kupokea pigo shokapu inapofika mwisho wa safari yake. Kwenye gari za umri huu unakuta kimekatika, kimebaki makombo kwenye kava, ukikigusa kinatoka unga. Hapo kila tuta kubwa ukiwa na watu nyuma ni chuma kwa chuma, na anayekaa juu ya hicho chuma ni mama. Hicho kipande sio ghali hata kidogo, ukibadilisha shokapu weka na vyenyewe na maunti zake za juu, usimruhusu fundi arudishe vya zamani kwa kuokoa elfu kadhaa.

Kabla hujanunua shokapu angalia kitu kimoja kwenye skrini. Ukiingia sehemu ya kuchagua aina ya uendeshaji, ukaona kuna Comfort pamoja na Normal na Sport, basi gari yako ina DCC, shokapu zinazoongozwa na umeme, utaona hata waya umeingia kwenye kila shokapu. Ukiwekewa za kawaida bila mpango utaletewa taa kwenye dashibodi, na umepoteza kitu kizuri ambacho wenzio wamekilipia. Na kama unayo alafu miaka yote umekuwa unatembelea Sport kwasababu ya jina, hahaha, weka Comfort leo jioni kisha unipe majibu. Kama huna Comfort, una za kawaida, bado gari nzuri tu.

Sasa upepo. Hapa ndo nataka uanzie, hata kabla ya shokapu, kwasababu ni bure. Fungua mlango wa dereva au kifuniko cha mafuta, kuna stika ya upepo. Itakuwa imeandikwa bar au kPa, wakati vijana wa kujaza upepo wanaongea PSI, na hapo ndo vitu vinaharibika. 2.4 bar ni sawa na 240 kPa ni sawa na PSI 35. Kijana akiona gari ya "low profile", yaani yenye tairi za ubavu mfupi, anajaza 40 bila kuuliza, akiwa mkarimu 42, tena umefika pale tairi ikiwa ya moto umetoka foleni ya Mwenge. Pima asubuhi gari haijatembea. Alafu tazama stika vizuri, ina mistari miwili, mzigo nusu na mzigo kamili, na kwa tairi za nyuma tofauti ya hiyo mistari miwili ni kubwa. Gari nyingi ninazoona zimejazwa nyuma kwa kipimo cha mzigo kamili mwaka mzima, wakati ndani anatembea dereva na abiria mmoja. Matokeo yake nyuma inarukaruka kama mpira wa kitenesi, na nani anakaa nyuma? Mama. Ukienda na mama na begi mbili Morogoro hiyo sio mzigo kamili, tumia mstari wa nusu mzigo. Mkiwa watano na buti imejaa ndo upande.

Ila onyo. Usishuke chini ya stika ukidhani unaongeza ulaini. Ukiwa na 18 na ubavu mfupi, upepo ukipungua ukapiga shimo, ubavu unabanwa kati ya lami na mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, kesho asubuhi unakuta tairi imeota jipu pembeni. Tairi yenye jipu haina matengenezo, hiyo ni ya kutupa, na usipelekwe nayo barabara kuu hata kama mtu anakwambia itakufikisha. Hii ndo faida nyingine ya 17, unakuwa na nafasi ya kukosea kidogo bila kupoteza tairi na rimu kwa mpigo.

Tairi zenyewe pia zitazame umri. Pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake namba nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Unakuta tairi ina kashata nzuri tu lakini mpira umekauka, kwa jua letu hili inakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani, inapiga kelele na inateleza kwenye mvua. Alafu pitisha kiganja juu ya kashata, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Ukihisi upande mmoja laini na ukirudi inakwaruza kama msumeno, basi ndo inayokutolea ule mvumo unaodhani ni bearingi, na inakwambia shokapu au alaimenti ya nyuma iliharibika siku nyingi.

Na aina ya tairi, dada, aina ya tairi inaweza kufanya kazi sawa na inchi nzima. Saizi ileile, rimu ileile, ukichukua Potenza au Pilot Sport ubavu wake umejengwa kwa ajili ya kona, ukichukua Turanza au Primacy umejengwa kwa ajili ya safari. Kwa matumizi yako ningechukua hizi za safari bila kufikiria mara mbili. Utapoteza nini? Ile milisekunde ya kwanza ukikata usukani, gari inasubiri kidogo kabla haijaitika. Kwenye raundi abauti za mjini hutaijua, kwenye kona za kupanda Lushoto pengine utaijua kidogo. Ukitoka 18 ya spoti kuja 17 ya spoti huwezi kusema utamu wa GTI umepotea, ile gari ladha yake iko kwenye chasi na multilinki ya nyuma (ile mikono mingi inayoshika kila tairi), haiko kwenye inchi za rimu, na VW wenyewe waliiuza na 17 masoko mengi.

Kwanini sio 16 sasa, maana ubavu wake ni mrefu zaidi? Kwanza breki. Mk7 GTI zipo zenye diski za mbele za milimita 312 na zipo za toleo la Performance zenye 340. Chukua futi kamba upime diski yako kutoka ukingo mpaka ukingo. Ikiwa 340, 16 haiingii kabisa, itagusa kalipa, na hata 17 sio kila moja inaingia, lazima ujaribishe rimu tupu bila tairi na uizungushe kwa mkono kabla hujatoa hela. Ikiwa 312 kuna 16 zinazoingia. Lakini unashuka kwenye upana wa 205, breki zinapungua kushika kwenye mvua, gari yenye nguvu farasi zaidi ya 200 inaanza kuzungusha tairi za mbele ukigusa mafuta, na faida unayoongeza juu ya 17 ni milimita 11 na nusu hivi nyingine tu ambazo unaweza kuzipata kwa njia nyingine. Fundi wako hajakudanganya kuhusu ulaini, ila kakupa ushauri wa IST.

Njia nyingine yenyewe ni hii. Baki na 17 lakini weka 215/50R17. Ubavu unakuwa milimita 107, tairi inazidi ya sasa urefu kwa asilimia 1.5 tu, rimu ya 7.5J (upana wa inchi 7.5) inaipokea vizuri, na kwasababu gari nyingi za Kijapani zinatumia hiyo saizi kuipata sio kazi. Gari inapanda kama milimita 5, sio ya kumwambia mtu. Kwa barabara za mtaani Goba, Madale huko ambako ukitoka lami tu unakutana na mawe, hii ndo ningeiweka kwenye gari ya mama yangu. Wapo wanaokwenda 225/50R17, hiyo ni zaidi ya asilimia 3, spidi mita ikisema 80 unatembea kama 82 na kitu, na kabla ya kununua nne jaribu moja mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote, kaa na watu wanne ndani, usikilize kama inagusa popote. Mimi hiyo sina haja nayo.

Ukienda kutafuta rimu, Gerezani au Ilala au kwa mtu mtandaoni, nenda na namba hizi: matundu 5x112 (matundu matano kwenye duara la milimita 112), tundu la kati milimita 57.1, upana 7.5J, ET 49 au karibu na hapo. ET ni milimita ambazo uso wa rimu unaokalia habu umesogea kutoka katikati ya upana wake, inaandikwa nyuma ya rimu, ichungulie mwenyewe. Ikiwa 35 rimu inatoka nje, wauzaji wanaita "stensi", wewe utaita kusaga fenda ukibeba watu na kuua bearingi. Rimu za Golf zingine, Audi A3, Octavia, Touran, Passat za rika la gari yako zinashea matundu na tundu la kati, ila ET na upana lazima usome. Za Mercedes nazo ni 5x112 lakini tundu la kati ni 66.6, zinaingia kirahisi mno kwasababu zinapwaya kwenye habu, bila ringi za kujazia utatetemeka ukifika 100 na utabalansi mpaka uchoke. Za Toyota za 5x114.3 kuna watu wanazilazimisha kwa kupanua matundu. Hapana. Huo ni mzaha na roho za watu.

Rimu za mtumba zipandishwe kwenye mashine ya balansi zikiwa tupu, zizungushwe, wewe simama nyuma utazame mdomo wa ndani, ule usioonekana gari ikiwa imesimama. Kama unacheza juu chini, imepinda. Pitisha kidole pia ndani, ukikuta tuta la kuchomelea lililopakwa rangi ya silva, rudisha kistaarabu.

Bolti ndo watu wanapofia. Rimu za VW zinataka bolti zenye kichwa cha mviringo pale zinapokalia, rimu nyingi za madukani zinataka cha koni. Ukichanganya, bolti inagusa mstari mwembamba tu, inakaza leo kesho imelegea. Zikazwe kwa toki renchi, Nm 120, sio kwa ile mashine ya upepo inayokaza mpaka bolti inalia. Tembea kilomita 50 kisha rudi wakaze tena. Ukimaliza kama gari yako ina ile taa ya njano ya tairi, iseti upya kwenye menyu, maana Mk7 haina sensa ndani ya tairi, inalinganisha mizunguko kupitia ABS, usipoiseti itakuwashia taa bila sababu. Na fungua buti uone una speya gani, kuna zinazokuja na pampu na gundi tu, kwa safari ya Morogoro mimi ningetafuta speya ya kweli inayopita kwenye breki zako.

Kwahiyo mpangilio wa hela: wiki hii upepo, na Comfort kama ipo. Ukipata nafasi wiki ijayo nyanyua nyuma utazame shokapu na zile povu, badilisha za nyuma zote mbili kwa pamoja kama zimekufa. Baada ya hapo peleka mama Kibaha na kurudi, mwache akae palepale anapokaa siku zote, usimwambie umefanya nini. Akisema bado inagonga kwenye rasta, tafuta 17. Tairi zako za 18 kama DOT yake ni ya zamani wala usisubiri, nenda 17 moja kwa moja ili usinunue tairi mara mbili. Rimu za 18 uziuze zikiwa bado nyoofu, mteja hutakosa, mdogo wako anaonekana ana haraka.